Tundu la sentimita 13: shajara ya kalunguyeye wa Leicester

Jumapili, 14 Aprili 2024

Mradi huu umeanza na kinyesi, na sioni haya kusema. Nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Leicester, Uingereza, saa mbili asubuhi, macho mekundu, na kabla sijaingia ndani nikakiona kwenye nyasi karibu na pipa la taka. Cheusi, kinang'aa, unene wa kidole cha mwisho. Nikakigeuza kwa kijiti: ndani vimejaa vipande vya mabawa magumu ya mbawakawa, vinameta kama chupa iliyovunjika. Binti yangu anasema ni paka. Nikamwambia paka hufukia chake, tena paka wa mtaa huu hali mbawakawa wakati kwao kuna samaki wa kopo.

Nimekitambua kwa sababu nimekulia Kondoa, Tanzania. Mvua za kwanza zikinyesha, kalunguyeye walikuwa wakifika hadi uani, na sisi watoto tukimkuta amejikunja tunammwagia maji ili ajikunjue. Ukorofi mtupu, lakini ndivyo tulivyocheza. Sikutegemea kukutana naye huku, nyuma ya nyumba ya safu yenye bustani ya mita tano kwa tisa.

Mdogo wake binti anamwita "nungunungu mdogo". Naandika hapa ili ubishi uishe: nungunungu ni jamaa ya panya, miiba yake mirefu na huchomoka. Kalunguyeye ni jamaa ya kirukanjia, miiba yake mifupi, kama 5,000 hivi kwa mkubwa, na haing'oki ovyo. Wala hakuna anayerusha miiba kama mishale, si huyu wala yule.

Jumamosi, 20 Aprili

Kabla sijanunua chochote nataka uhakika. Nimekunja bango la plastiki la wakala wa nyumba likawa paa la pembetatu, urefu wa mita moja na ushee, nikaliweka juu ya ubao. Katikati kibakuli cha chakula. Kila upande wa kibakuli nimebandika utepe na kuupaka wino wa kujitengenezea: unga wa mkaa na mafuta ya kupikia. Baada ya utepe inafuata karatasi nyeupe ya A4, huku na huku. Mgeni anaingia, anakanyaga wino, anakula, anatoka akiacha sahihi.

Mkaa nimeutwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu. Kinu hicho sasa ni mali ya mradi. Mama watoto amekisusa.

Jumatano, 24 Aprili

Usiku wa kwanza paka. Wa pili paka yuleyule. Wa tatu mvua, karatasi zikawa uji.

Leo vitanga! Sina neno jingine. Nyayo za mbele ni pana, vidole vimetanuka kama mkono wa kichanga aliyeshika unga, na za nyuma ni nyembamba na ndefu kidogo. Kuna mahali aliteleza kwenye wino, akaburuza mguu, akarudi kula. Nimehesabu vidole vya nyuma mara mbili nikiwa na tochi na kikuza maandishi cha kazini: vitano. Wa kwetu, yule mwenye tumbo jeupe, ana vinne nyuma, na kwa hilo ndilo wataalamu wanamtaja. Huyu ni wa Ulaya, na mwili wake ni mkubwa zaidi. Karatasi tumeibandika kwenye jokofu, juu ya ratiba ya shule.

Jumapili, 28 Aprili

Chakula. Mama mkwe kwa simu kutoka Dodoma: "Mpe maziwa, mwanangu, mgeni hupewa maziwa." Hapana, mama. Tumbo lake haliwezi maziwa ya ng'ombe, anaharisha, hata anaweza kufa, na mkate unamshibisha bure. Anapewa chakula cha paka au mbwa chenye nyama, au biskuti za paka zilizo kavu, na maji kwenye sahani pana isiyo na kina. Wale funza wakavu wanaouzwa kwa ajili ya ndege nao nimewaacha dukani. Anawapenda kama mtoto apendavyo peremende, na wakizidi mifupa yake inadhoofika.

Mama watoto amesoma lebo za makopo kama anayesoma mkataba wa nyumba, kwa sababu bakuli zitapita kwenye sinki letu na nguruwe hatakiwi hata kwa harufu. Tumekubaliana kuku.

Kibanda cha kulia: kreti la plastiki lililopinduliwa, nimelikata mlango wa sentimita 13 kwa 13, tofali juu, na tofali jingine mbele ya mlango kuacha kinjia chembamba. Kalunguyeye anapinda na kupita, paka anabaki kuchungulia.

Nimesafisha banda la vifaa nikakuta kopo la vidonge vya bluu vya kuulia konokono, aliloacha mpangaji wa zamani. Ni metaldehidi, sumu iliyopigwa marufuku kutumika bustanini tangu mwisho wa Machi 2022. Nimelipeleka kwenye kituo cha taka za halmashauri. Ukiwaua konokono kwa sumu halafu ukamkaribisha anayewala, umemwalika mgeni na kumtilia kitu kwenye chai.

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimepiga magoti nikauzunguka uzio wote, na nimegundua kwamba bustani yetu ni boksi. Kushoto mbao hadi chini. Kulia mbao juu, na chini bamba la zege. Nyuma ukuta wa matofali. Mgeni wetu anapenya chini ya geti la ubavuni, penye nafasi ya kujikamua tu, na geti hilo linatokea barabarani.

Mnyama huyu anaweza kutembea hata kilomita mbili kwa usiku mmoja akitafuta mbawakawa, nyungunyungu na mwenza. Bustani yangu haimtoshi hata kwa staftahi. Nilikuwa nimejipanga kumjengea nyumba, kumbe anachohitaji kwanza ni njia. Kampeni ya Hedgehog Street, iliyoanzishwa mwaka 2011 na mashirika mawili ya kuhifadhi wanyama, inasema jambo moja tangu siku ya kwanza: toboa uzio, sentimita 13 kwa 13. Kipimo hicho kinampitisha yeye na kuwazuia mbwa wengi.

Kutoboa ni kazi ya dakika ishirini. Kazi ni kwamba uzio una pande mbili. Tumeishi hapa miaka sita. Jirani wa kushoto, mzee wa Kihindi, tunapungiana mkono. Jirani wa kulia hata mkono hatupungiani.

Jumapili, 5 Mei

Mwenye nyumba amejibu ujumbe: toboa, ila kipande ulichokata ukitunze.

Nilikuwa nimesimama karibu na uzio wa kushoto nikimgombeza kijana wangu kwa kuacha msumeno kwenye nyasi. Kwa Kiswahili, bila shaka, maana kugombeza kwa Kiingereza hakuna ladha. Sauti ikatoka ng'ambo ya mbao: "Habari ya siku nyingi, bwana."

Nikanyamaza. Kijana akanitazama mimi, mimi nikautazama uzio.

Mzee ni wa Jinja, Uganda. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Waliondoka 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90, naye akiwa kijana wa miaka kumi na tisa na sanduku moja. Kiswahili chake ni kile cha dukani, nakiandika kama alivyokisema: "Miaka hamsini mimi hapana sema hii lugha na mtu." Miaka sita kati ya hiyo nilikuwa mita tatu kutoka kwake nikipunga mkono.

Nimemweleza habari ya tundu. Akauliza mnyama gani. Jina kalunguyeye hakulijua, ila nilipomwonyesha kwa mikono jinsi anavyojikunja akacheka sana. Amekubali kwa sharti moja: nyama isiingie upande wake, maana nyumba yake hawali nyama. Maji ataweka yeye.

Jumamosi, 11 Mei

Tundu la kwanza. Nimechora mraba kwa penseli, nimetoboa pembe nne kwa drili, kisha msumeno wa mkono. Mbao za uzio huu ni laini kama mkate mkavu, hatari ni kupasua ubao hadi juu, kwa hiyo nilibana kipande cha mbao nyuma kabla ya kukata. Kingo nimezipiga msasa. Mzee alikuwa amekaa kitini upande wake na chai, na kipande kilipoanguka uso wake ukatokea kwenye mraba, chini kabisa, ameinama na mkono kiunoni. "Hodi," akasema.

Kulia ndiko penye bamba la zege. Nimegonga mlango, akatoka bwana mwenye tatuu za shingoni, nikajieleza huku nikitetemeka kidogo. Nilimpa takwimu, kwa sababu Waingereza ukiwapa takwimu wanatulia: vijijini kalunguyeye wamepungua kwa kati ya asilimia 30 na 75 tangu mwaka 2000, mijini ndiko wameshikilia, na tangu 2020 yumo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ya wanyama walio hatarini kutoweka. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema bibi yake alikuwa na mmoja bustanini. Zege halikatiki kwa msumeno wangu, kwa hiyo tumechimba chini yake, mtaro wa sentimita kumi na tatu kwenda chini, tukauzungushia mawe usijifukie. Koleo lilikuwa lake.

Jumamosi, 8 Juni

Saa nane usiku mama watoto ameniamsha: kuna mtu anakoroma bustanini. Tumechungulia. Wapo wawili chini ya mwanga wa taa ya jirani. Jike amesimama katikati ameinamisha kipaji, miiba mbele. Dume anamzunguka. Anamzunguka, anamzunguka, na kila akikaribia jike anageuka na kutoa mlio wa puani, *fff, fff*, kama pampu ya baiskeli iliyochoka. Nyasi zimelala duara kamili kama sinia. Tulitazama dakika arobaini, kisha nikalala. Asubuhi kamera ya usiku imeonyesha waliendelea hadi karibu saa kumi.

Mama watoto: "Angalau huyo anajua kubembeleza." Sikujibu.

Jumapili, 23 Juni

Rundo la matawi kwenye kona ni marufuku kuguswa hadi Septemba. Mama akiwa na vichanga akibughudhiwa anaweza kuwatelekeza au hata kuwala. Watoto wameelewa. Mpira ukienda kule, umekwenda.

Jumamosi, 13 Julai

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Kwa miezi mitatu nimetoboa nyua, nimepima vibakuli, nimesoma lebo, na goli la mpira la kijana lenye wavu limesimama katikati ya bustani usiku kucha. Leo saa kumi na moja alfajiri nimerudi kutoka kazini nikamkuta kalunguyeye amenaswa. Alikuwa amejizungusha hadi wavu umekuwa kamba, umembana begani na mguu wa nyuma, amejikunja nusu tu kwa sababu kamba haimruhusu kujikunja zaidi. Alikuwa anahema kwa kasi. Nimevaa glavu za bustani, nimekata wavu wote kuzunguka kwa mkasi wa jikoni, nikamweka ndani ya boksi lenye taulo na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Nilitaka kumwachia palepale. Alionekana mzima, alishaanza kunusa. Nashukuru nilipiga simu kwanza kituo cha kuokoa wanyama pori. Kamba ikibana nyama, jeraha linaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa, ngozi inaoza ukiwa umeshajipongeza. Wamempokea. Ni jike, gramu 720, mguu umevimba.

Kijana amelia, halafu amelivua goli wavu mwenyewe. Kuanzia leo wavu unaingia ndani kila magharibi.

Ijumaa, 26 Julai

Amerudishwa. Nimemfungulia boksi saa nne usiku palepale alipookotwa. Alikaa kama dakika moja amejikunja, pua ikatoka, akaenda moja kwa moja kwenye tundu la mzee. Hakugeuka kututazama. Kwa nini ageuke?

Jumatatu, 19 Agosti

Kamera: watoto watatu kwa mstari, nyuma ya mama, wanatoka upande wa kulia. Kwa hiyo lile rundo langu lililolindwa kama ikulu halikuwa na mtu. Amezalia kwa bwana mwenye tatuu, chini ya banda lake. Nimempelekea video, akajibu kwa alama ya moyo.

Jumapili, 15 Septemba

Panya. Nilijua watakuja. Jirani wa nyumba ya tatu amelalamika kwamba nafuga panya, na sitasema hana haki. Nimepunguza: chakula kinatoka giza likiingia, kiasi cha vijiko vitatu, na asubuhi kibakuli kinaondolewa hata kama nimetoka zamu nasinzia. Siku nisipoweza, hakuna chakula. Chakula chetu ni nyongeza tu. Riziki yake halisi iko ardhini, ndiyo maana nusu ya nyasi sasa siikati, na inayokatwa nafyeka baada ya kupita na mguu kwanza. Ile mashine ya kufyekea kwa uzi inakata pua kabla hujasikia kitu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nyumba, hatimaye. Plaiwudi isiyopakwa dawa, ndani sentimita 40 kwa 30, kimo 30. Mlango 13 kwa 13, na ndani ya mlango ubao wa kugawa ili paka asifikishe mkono. Nimeiinua juu ya vipande vya matofali kukwepa unyevu, nimeisukuma chini ya kichaka, mlango unatazama kusini, mgongo kwa upepo. Juu nailoni, udongo, matawi. Ndani nimeweka majani makavu kidogo tu, na rundo kubwa nimeliacha nje. Kazi ya kutandika ni yake, anabeba kwa mdomo na kujipanga mwenyewe.

Majani ameleta mzee, mifuko mitatu ya mti wa bustani yake. Ameuliza kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi.

Jumanne, 29 Oktoba

Habari ya wiki: IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemhamisha kalunguyeye wa Ulaya kutoka kundi la wasiotia wasiwasi kwenda kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Nimeisoma kwenye basi.

Jumapili, 3 Novemba

Nimepima mdogo mmoja kati ya watatu. Alikuja mapema, giza limeingia tu, nikamweka kwenye bakuli juu ya mizani ya jikoni. Akiwa chini ya gramu 450 hivi msimu huu, akiba ya mafuta haimfikishi machipuko. Mizani ilicheza kwa sababu yeye alicheza: 480, 530, akajikunja, 510. Amefaulu. Mizani ya unga, hata hivyo, imejiunga na kinu cha vitunguu saumu.

Jumanne, 5 Novemba

Diwali na usiku wa Guy Fawkes, ambao Waingereza huwasha mioto na fataki kila tarehe 5 Novemba, mwaka huu zimekaribiana, mtaa unalipuka tangu Alhamisi. Fataki sina la kufanya nazo. Moto ndio hatari: rundo la kuni lililokaa siku tatu ni hoteli kwa anayetafuta pa kulala majira ya baridi. Bwana mwenye tatuu alikuwa amerundika tangu Jumamosi. Leo jioni tumelihamisha lote, ubao kwa ubao, tukalijenga upya hatua mbili pembeni, na amewasha upande mmoja tu ili aliyemo awe na pa kutokea. Hakuwamo yeyote. Tulikutana na chura.

Jumapili, 1 Desemba

Tangu tarehe 22 kamera haioni mtu. Nimeegemeza kijiti mlangoni mwa nyumba. Kikianguka, kuna aliyepita. Hakijaanguka. Sifungui kifuniko, na watoto wasinishawishi. Usingizi huu si wa kawaida: joto la mwili linashuka kutoka nyuzi 35 hadi 10 au chini zaidi, moyo unapiga mara chache mno. Ukimwamsha anachoma mafuta ambayo hana pa kuyarudishia. Wa kwetu hana barafu ya kukimbia. Kiangazi kikikausha wadudu naye hujibanza akapoa, ila si miezi minne.

Chakula nimeacha, maji yapo.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Mvua ya jana na leo imefurisha mito Leicestershire. Saa sita usiku nimetoka na tochi kwa kandambili. Maji yamefika kwenye matofali, hayajapita. Kijiti kimesimama.

Jumapili, 9 Februari

Mzee ameulizia mgeni kupitia tundu. Siku hizi hatutumii mlango.

Jumamosi, 22 Machi

Mwezi 22 Ramadhani. Niliamka saa tisa na nusu kwa daku, nikawasha jiko, nikachungulia dirishani kama kila siku. Kijiti kipo chini. Kimesukumwa kutoka ndani.

Sikuwasha taa. Nilisimama na kijiko cha uji mkononi hadi macho yakazoea. Alikuwa kwenye sahani ya maji, mwembamba, ngozi imemlegea ubavuni kama koti la kaka mkubwa. Alikunywa muda mrefu. Nilisikia au nilidhani nasikia ulimi. Kisha akanusa kreti, akakuta hakuna kitu, kwa sababu sikuwa nimeweka, akaondoka zake kwenye tundu la kushoto.

Asubuhi nimempelekea mzee habari. Ameuliza kama amekula. Nimemwambia bado, amefungua kwa maji.